Nusu ya Leso Yangu

Jumapili, 27 Aprili 2025

Leo nimemsuka Falone. Yeye chini kwa zulia, mgongo kwa magoti yangu, mimi kwa kochi, mafuta ya nazi kando, TV inaongea peke yake. Zamani alikuwa anaruka nikimvuta. Leo amelala kabisa, mdomo wazi! Mrembo jamani, lakini anakoroma.

Nilikuwa nimefika katikati ya kichwa shairi likaja. Hivyo tu. Sikulitafuta. Nikawa nasuka huku mdomo unapima mizani, naogopa hata kukohoa lisije likapotea:

Kaa hapa mbele yangu, kichwa weka magotini,
Vipishe vidole vyangu, vitembee utosini,
Kila msuko ni wangu, beti zangu za moyoni,
Atakaye jina langu, na alisome kichwani.

Mimi si mtu wa kujisifu — ah, wacha nijisifu, nani anasoma hapa? Ni tamu! Ni tamu kuliko yote niliyowahi kuwaandikia watu. Kila harusi ya Wakenya huku Western Sydney, kila besidei ya mama fulani, kila mtu akipata uraia: "Kendi, tupe shairi." Nawapa. Nimewaandikia watu mapenzi yao mpaka waume zao nawajua kwa majina. Yangu mwenyewe sijawahi kusimama nayo mbele ya mtu.

Shida ni maneno. Yale ya Kiswahili ya watu kama mimi, yote niliyasikia kwanza yakitemwa. Siwezi kujiita hayo. "Queer" nilijulia hapa, zuri, sina ubaya nalo, lakini kwangu ni kama sufuria ya jirani — unapikia, unaosha, unarudisha. Kwa hivyo natengeneza yangu. Nasuka, naandika. Leo nimepata moja.

Falone ameamka akaniuliza kwa nini nalia. Nani analia? Ni mafuta yameingia jichoni.

Jumanne, 29 Aprili

Mungu wangu. Mungu wangu. Mungu wangu!

Nimeshuka treni Doonside baada ya shift, nikasimama pale mwisho wa platform pasipo na watu, nikarekodi shairi nimtumie Falone. Nikatuma. Nikaenda nyumbani, nikaoga. Kutoka bafuni simu inacheza kwa meza kama imepagawa. Kuangalia — nimetuma kwa group ya Wamama wa Leso! Wamama wote! Na sauti yangu ile ya chini, ya chumbani!

Nifute? Wameshasikia. Wameshatumiana. Wengine wameweka mioyo myekundu, wengine nyuso zinazolia. Mama Njenga amesema hajasikia kitu kama hicho tangu bwanake aache kuongea. Kisha mmoja akauliza: lakini huyo anayesukwa ni nani?

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mwanaume wa kusukwa? Ngai! Basi ni rasta. Lazima ni rasta. Kabla sijavaa nguo ilikuwa imeshakuwa jambo la maombi. Auntie Peninah akaandika kwa herufi kubwa: KENDI MTOTO WANGU NI RASTA WA WAPI.

Huyo Auntie Peninah ndiye aliyenipokea airport, Julai, baridi ya kukata masikio, mimi nimeshuka na blauzi ya mikono mifupi kama mtu anaenda Mombasa. Alikuwa amebeba koti. Hakuwa ananijua, alikuwa tu anajua watu wa kanisa la kwetu Meru. Nikakaa kwake mpaka nikapata kazi ya kutunza wazee. Nikiumwa anafika na uji kabla sijamwambia. Ndiye mwenyekiti wa group, na huku ugenini ndiye mama. Akinikataa huyo — hapana, hiyo sentensi siimalizi.

Nimejibu: "Ni shairi tu, Auntie." Woga! Woga mtupu! Nimejichukia mpaka chai imeniingia vibaya.

Jumamosi, 3 Mei

Wamempata rasta wao. Nicheke ama nilie?

Kaka yake Falone, Trésor, ana dreadi za kufika kiunoni. Mwezi uliopita gari langu lilikataa kuwaka akanipeleka mpaka kwa Auntie Peninah. Basi, ushahidi umetimia. Leo asubuhi Auntie na Mama Njenga wamemkuta Auburn, kwa bucha ya halali, anangoja mbuzi akatwe. Wamembana pale pale mbele ya mashine ya mifupa. Umeokoka? Unavuta? Hizo nywele utanyoa lini? Trésor maskini akawaambia, "Mama, miye niko natafuta nyama tu." Wakamwambia asijifanye, wanajua anasukwa na Kendi.

Hapo akaelewa yote. Angeweza kunifichua, hakunifichua. Alisema tu wamuulize Kendi mwenyewe. Wao wakaona ndiyo amekubali! Auntie amemwangalia juu chini, akasema kijana ni mwembamba, akamwongezea mbavu kwa mfuko.

Falone amenisimulia hadithi hii yote akiwa ameshika tumbo kwa kicheko. Nami nikacheka. Kisha akafuta macho, akaniangalia.

"Bon. Sasa kaka yangu ndiye bwana yako?"

Nikamwambia ni mambo ya wamama, itapita. Wapi! Akasimama. Akasema kanisani kwao yeye anaitwa rafiki wa Kendi, kwa wamama wangu anaitwa yule msichana Mkongo, kazini kwangu anaitwa mtu wa kushea nyumba na hata nyumba hatushei. "Miye niko nachoka, Kendi. Miye nasukwa, Trésor anakula mbavu!"

Akaenda zake Guildford. Sikumfuata. Nilisimama mlangoni na kitana mkononi.

Jumanne, 6 Mei

Hajapiga. Sijapiga. Nimejaribu kuandika ubeti, umetoka kama risiti.

Jumatano, 7 Mei

Auntie Peninah amepiga simu. Siku ya Leso ni tarehe ishirini na nne, hall ile ya karibu na stesheni. Anasema mwaka huu nikate leso zangu.

Niandike hii vizuri, maana imenishika kifuani. Leso zinauzwa mbili zimeshikana. Ukijiunga na group yetu unapewa zako zikiwa hivyo, na hukati. Unaziweka. Unakaa nazo mpaka upate mtu unayetaka wamama wamchukue awe wao. Siku hiyo mwenyekiti anashika upande mmoja, wewe unashika mwingine, unakata katikati mbele ya watu, unajifunga moja, unamfunga mtu wako ya pili. Kwisha. Tangu hapo si mgeni wa mtu. Akilazwa, wanaenda. Akifiwa, wanapika. Akijifungua, wanapanga zamu ya kuosha nepi. Mama Njenga alikata na mkwe wake. Wengine wamekata na waume zao, wazee wazima wenye vitambi wakafungwa leso kiunoni wakacheza.

Zangu ni za zambarau na manjano. Ziko kabatini tangu nijiunge, bado zimeshikana. Kila mwaka Mama Njenga ananiuliza kama nondo wameshiba.

Auntie ameniambia nimlete kijana. Rasta ama si rasta, nywele ni nywele, wameshaombea. Na nisome lile shairi. Kisha sauti ikashuka, akasema: "Nataka nikuone na mtu wako kabla sijazeeka, Kendi. Unaishi kama mtu anayengoja basi."

Nimekaa kitandani na leso kwa mapaja. Ningempeleka Trésor! Angekubali, yule ana roho nzuri. Wangepiga vigelegele, na mimi ningerudi nyumbani nimebaki na wamama wote lakini sina maneno yangu hata moja.

Hapana. Haki ya Mungu, hapana.

Jumapili, 11 Mei

Mother's Day kwa Auntie Peninah. Pilau, kuku, keki iliyoanguka katikati. Nilikuwa naosha vyombo na Jacky, binti yake. Jacky anasikia Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, hata ukimkanyaga atalia kwa Kiingereza. Akaniambia polepole, bila kuniangalia, kwamba yeye anajua si Trésor. Alituona Auburn stesheni, mimi na Falone, namrekebishia kola. Akasema hakuna mtu anarekebisha kola ya rafiki namna ile.

Sahani imeniponyoka. Haikuvunjika, ni ya plastiki.

Nikamuuliza kama mamake anajua. Jacky akafikiri. Akasema mamake anajua kile anachotaka kujua, na kwamba akiambiwa kitu usoni hajawahi kukimbia. Kisha akanimwagia povu mkononi kwa makusudi, akaniambia shairi amelisikiliza mara nyingi kuliko nyimbo zake. Ati hakujua Kiswahili kinaweza kusema vitu vya watu kama sisi.

Kama sisi. Sikuuliza. Nimemkumbatia na glavu zangu za maji.

Jumatano, 14 Mei

Nimeenda Guildford moja kwa moja kutoka kazini, na uniform, na viatu vyangu vya kunuka dawa. Falone amefungua mlango nywele zimefumuka upande mmoja. Hajapata mtu wa kumsuka! Nimefurahi vibaya sana.

Sikuzunguka. Nimemwambia nataka kukata leso na yeye.

"Mbele ya wamama wote?"

Wote.

"Watakufukuza."

"Basi wanifukuze nikiwa nimependeza."

Amecheka, halafu amelia, halafu amenipiga kofi la bega. Akasema sawa, lakini jina yake iwe ndani ya shairi. Hataki tena kuwa "wewe" wa mtu. Nikamkalisha chini nikaanza kumsuka hapo hapo, na ubeti wa pili ukaja kabla sijafika sikioni. Jina lake nimelitamka Kiswahili, Fa-lo-ne, lote, mizani ikae sawa. Amenuna kidogo, kwao Bukavu wanalifupisha, kisha akasema hivyo nalo linasikika limevaa viatu.

Trésor alitoka chumbani akauliza jambo moja tu: kama mbavu zitaendelea.

Ijumaa, 23 Mei

Kesho.

Nimepiga leso pasi. Nimenoa mkasi.

Leo kazini, nikimnyoa ndevu Mzee Clifford, nilikuwa nafanya mazoezi kwa sauti ndogo. Yule mzee hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Amenisikiliza mpaka mwisho, povu mashavuni, kisha akasema hayo ni mapenzi au yeye si Clifford. Akaniuliza anaitwa nani. Nikasema: Falone. Akasema ni jina zuri, nisimkate kidevuni.

Rahisi hivyo! Nimelisema jina lake kazini na dari imebaki pale juu.

Nimezunguka wadi nzima nikitabasamu. Sista ameniuliza kama nimeongezewa likizo.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika nikiwa kwa gari, parking ya hall. Herufi zinaonekana za mtoto wa nasari. Lazima niandike sasa kabla sijasahau hata kidogo.

NIMESEMA!

Wacha nianze mwanzo. Hall imejaa. Harufu ya pilau mpaka barabarani. Falone ameketi nyuma, gauni la kijani, nywele nimemsuka jana jioni, mistari imenyooka kama ya kitabu. Kando yake Trésor na suti. Alikataa kubaki nyumbani, alisema dada yake haendi peke yake. Basi wamama wote wanamtabasamia Trésor! Wanamwekea soda! Mama Njenga amempelekea kiti chenye mto!

Jina langu likaitwa. Nikapanda mbele. Auntie Peninah ameshika leso upande wake, ameivuta ikanyooka, macho yanang'aa. Mama Njenga hakungoja. Akamsukuma Trésor mgongoni: "Simama, kijana, usione haya!" Vigelegele. Na Trésor akasimama kweli. Akafunga kifungo cha koti lake, akageuka, akamvutia dada yake kiti nyuma ili apite. Kisha akaketi.

Falone akaja. Vigelegele vikaisha kimoja kimoja.

Nilidhani sauti itanitoroka. Haikutoroka. Nikasoma ubeti ule wa kwanza, wanaoujua, wengine walikuwa wanaufuata kwa midomo. Halafu nikavuta pumzi:

Falone ni jina lake, sikilizeni wazazi,
Nimesuka nywele zake, si leo wala si juzi,
Mpende ama mcheke, sijifichi, niko wazi,
Hii leso nusu yake, nampa bila ajizi.

Jiko la gesi nalisikia kule nyuma. Nikaangalia leso. Nilijua Auntie akiachia upande wake itaanguka, na leso isiyoshikwa haikatiki. Basi nikaangalia mkono wake. Mkono haukuachia.

Nikakata. Krrr, katikati, moja kwa moja!

Mama Njenga amechukua mkoba wake akatoka. Watatu, wanne wamemfuata, mmoja akisema afadhali angekuwa rasta. Hiyo imeniuma, sitadanganya. Hao wameshakula kwangu. Lakini Jacky amepiga kigelegele — kibaya! kama paka amekanyagwa! — peke yake, bila haya, mpaka akina mama wa meza ya mbele wakashindwa kuvumilia makosa, wakamsaidia. Kikaenea. Si wote. Wengine walikuwa wanaangalia sahani zao. Lakini kilifika mpaka ukutani, nilikisikia kwenye meno.

Nikamfunga Falone leso yake mbele ya watu. Hakuinamisha kichwa. Aliinua, nywele zote zikaonekana, na mimi nikafikiri: someni.

Auntie Peninah aliufunga mkasi kwa kitambaa, akaenda jikoni, mlango ukafungwa. Nikamngoja. Hakutoka. Falone akaniambia twende tupumue nje, mimi nikatoka hata bila koti, yeye mlangoni akageuka. Akasema yeye amevalishwa leso, hawezi kukimbia na vyombo vimejaa meza. Akarudi ndani! Akaanza kukusanya sahani!

Kwa hivyo mimi malenga niko kwa gari naandika, na yeye yuko kule kati ya wamama, namuona kwa dirisha. Ameifungua leso akajifunga upya kwa namna yao ya Kongo, ameichomeka mbele tumboni. Sisi fundo tunaweka ubavuni. Hajui. Hakuna aliyemwambia.

Sijui kesho itakuwaje. Kanisani nitakaa wapi. Kama uji utakuja nikiumwa. Lakini nimeketi hapa na moyo umejaa, wallahi umejaa, sina sauti na natamani kuimba. Jina langu na jina lake yamesimama mahali pamoja, kwa Kiswahili, na mizani ikakaa!

Ngoja.

Mlango wa jikoni umefunguka. Auntie Peninah ametoka. Anaenda kwa Falone. Anamwambia kitu. Falone ameweka sahani chini.

Anamfungua leso. Auntie anamfungua leso! Ameitoa yote, ameishika mkononi. Falone amesimama tu, mikono pembeni. Wamama wote wameacha kukusanya vyombo. Kama ananyang'anya naingia, nitaingia na viatu hivi hivi, siogopi mtu —

Anaikung'uta. Anaizungusha tena. Anavuta, anakunja pindo juu, anafunga fundo ubavuni. Kwa nguvu, mpaka Falone ameyumba. Anamwonyesha kwa kidole: hapa, sio pale. Sasa anamwekea sahani zake mikononi.

Hacheki. Macho yamevimba, hata kutoka huku naona. Anaangalia dirishani, anatafuta, ameliona gari. Anatoka. Anavuka parking na viatu vya jikoni, upepo unampiga, na mimi leso yangu bado iko hapa kwa kiti, hata sijaifunga!

Amebeba koti langu.